Dawa Isiyotaka Maji

Limi alikuwa ameshakaa siku nne katika mahabusu ya kituo cha polisi Kilosa, akituhumiwa kumlisha mumewe sumu, karatasi ya hospitali ilipofika mezani kwa Sajenti Domina Mhando. Ilikuwa Alhamisi, wiki ya pili ya mwezi Mei, mwaka 1996. Domina aliisoma akiwa amesimama, akavuta kiti, akaisoma tena.

Yeye ndiye aliyemkamata Limi. Kulwa, mume wa Limi, alikuwa mkulima wa pamba katika kijiji kiitwacho Ulaya, wilayani hapohapo Kilosa, mtu wa miaka thelathini na minne, mwenye afya yake. Jumamosi alirudi kutoka shambani adhuhuri, akala ugali kwa mlenda, akalala. Kabla jua halijazama alikuwa amekufa, povu mdomoni, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Ndugu zake walisema alikuwa anataka kuoa mke wa pili na kwamba Limi aliapa mbele ya watu kuwa jambo hilo halitakuwa. Domina alipopekua jikoni Jumapili asubuhi alikuta chupa ya dawa ya pamba, imewekwa nyuma ya mtungi wa maji. Alikuwa na sababu, alikuwa na sumu, na alikuwa na aliyepika. Akamchukua Limi siku hiyohiyo.

Sasa karatasi ilisema mambo mengine. Chakula cha tumboni hakikuwa na harufu yoyote ya dawa. Ngozi ya mkono wa kulia wa marehemu, bega la kulia na shingo upande huohuo, ilikuwa imebabuka kama iliyomwagiwa uji wa moto, na hapo ndipo sumu ilipoingilia. Ile chupa ya jikoni, mganga aliyeifungua aliandika kwa kifupi, ilikuwa imejaa mafuta ya taa.

Domina alikwenda mahabusu. Limi alikuwa ameketi sakafuni, amejifunga kanga moja kiunoni na nyingine begani. Kiswahili alikijua cha kununua na kuuza. Mengine aliyasema Kisukuma, lugha ya kwao. Domina alimuuliza mle chupani mlikuwa na nini.

"Mafuta ya taa," Limi alisema. "Nilisema Jumapili. Hukuandika."

Domina hakubisha. Alimuuliza nani yuko na watoto. Limi alisema ni Amos, kaka yake anayeishi Zombo. Alikuja Jumatatu, na alituma salamu kwamba shamba lisingeliwa na funza wakati yeye yupo. Atapiga dawa mpaka dada yake arudi, akute pamba imesimama.

Domina alipeleka karatasi kwa mkuu wa kituo na kuomba Limi aachiwe. Mkuu wa kituo aliisoma, akaikunja, akamrudishia. Ndugu za marehemu walikuwa wameshakuja mara mbili na diwani wao, alisema. Kama si huyo mwanamke, basi sajenti amletee mwingine kwanza. Domina alipiga saluti, akachukua pikipiki ya kituo, akaelekea Ulaya.

Barabara ilikuwa bado na matope ya masika. Alifika saa tatu kasorobo, akamkuta Amos katikati ya pamba iliyomfika kiunoni. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini hivi, mrefu, na alipomwona askari alitoka shambani taratibu, akaliweka bomba chini kwa uangalifu, akaamkia. Domina alimpa pole ya msiba. Kisha akaomba kuliona bomba.

Lilikuwa ni lile bomba ambalo Kulwa alilitumia mpaka siku ya kufa kwake. Halikuwa na injini wala tanki la kubeba mgongoni. Lilikuwa fimbo ya plastiki yenye betri nane za redio ndani, na kwenye ncha yake kisahani kidogo chenye meno, kinachozungushwa na umeme wa betri. Juu ya kisahani hufungwa chupa ya lita moja, kichwa chini. Dawa inadondoka juu ya kisahani kinachozunguka, inapasuka kuwa ukungu, upepo unaupeleka ukungu kwenye pamba. Dawa yake ni ya mafuta, haichanganywi na maji. Mkulima anatembea tu, bomba ameliinua pembeni, upepo ukimtokea upande wa pili.

Domina alimwomba Amos aonyeshe jinsi Kulwa alivyokuwa akitembea. Amos alionyesha. Alinyoosha mkono wa kulia, akatembea hatua kumi, upepo wa kutoka milimani ukampiga ubavu wa kushoto. Alifanya kama inavyofundishwa, na alisema Kulwa ndiye aliyemfundisha yeye. Kwa mwendo huo ukungu ulipaswa kwenda mbali naye. Ngozi ya Kulwa haikupaswa kubabuka.

Domina aliligeuza bomba. Pale chupa inapokazwa, washa, ile pete ya mpira ya kuzuia kuvuja, ilikuwa imevimba, imelegea kama ubani uliotafunwa. Plastiki ya kichwa ilikuwa imepasukapasuka. Dawa ilikuwa imetiririka kwenye fimbo yote, na mahali mkono unaposhika palikuwa pamelowa. Aliutazama mkono wa Amos. Ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kiwiko.

Amos alisema bomba hilo lilianza kuvuja wiki tatu zilizopita. Kulwa alilipeleka Mikumi kwa fundi Beda, aliyekuwa akitengeneza mabomba ya injini ya Ulaya nzima kabla ya betri kuja. Beda alifunga washa mpya, nayo ikavimba vilevile. Halafu Amos akaongeza jambo ambalo Domina aliliandika neno kwa neno: mwaka jana, siku kampuni ya pamba ilipogawa mabomba ya betri, Beda alisimama sokoni akasema mbele za watu kwamba hizo betri zitakuja kuua mtu.

Alisema pia kwamba kichwa kinamgonga tangu jana na macho yanaona ukungu. Domina aliliandika na hilo, chini ya maneno ya Beda.

Ghalani kwa Kulwa zilikuwa zimebaki chupa nne za dawa. Domina alichukua moja, akaandika hati ya kielelezo, akamwomba Amos atie dole gumba. Alichukua pia washa iliyovimba. Amos alikuwa na nyingine, akaifunga mahali pake.

"Afande," Amos aliuliza, "kwani hii dawa ina ubaya?"

Amos alikuwa ndugu wa mtuhumiwa. Ndugu wa mtuhumiwa haelezwi upelelezi umefika wapi. Hilo Domina alilifundishwa chuoni, na miaka kumi na moja hakulivunja.

"Upelelezi unaendelea," alijibu.

Akawasha pikipiki. Amos alikwisharudi kwenye mstari wake.

Beda alikuwa na kibanda kando ya barabara kuu pale Mikumi, mahali malori ya Mbeya na Dar es Salaam yanaposimama. Babu yake aliletwa Kilosa kujenga reli, baba yake alikata mkonge, yeye akajifunza injini. Sasa aliziba pancha. Domina alimkuta ameinamia ringi ya lori, jasho linamtoka, saa tano na nusu. Alijitambulisha, akamuuliza moja kwa moja kuhusu maneno ya sokoni.

Beda hakuyakana. Alisimama, akajifuta mikono, akasema aliyasema kwa hasira. Chama cha ushirika kilipokufa na biashara ya pamba ikawa ya watu binafsi, kampuni ilikuja na ofa: toa bomba moja la injini, chukua mawili ya betri. Kwa mwezi mmoja mabomba yote ya injini yakaisha Ulaya, Zombo mpaka Kisanga. Kazi yake ikaisha nayo. Alihama na sanduku lake la spana.

Domina aliuliza Jumamosi alikuwa wapi. Beda alitaja lori la mbao lililokatika springi, jina la dereva, na polisi wa Mikumi waliosimamia lori hilo lisizibe barabara kuanzia asubuhi mpaka saa kumi. Domina alivuka barabara kwenda kituoni kuuliza. Ilikuwa kweli. Alirudi, akakuta Beda amemwekea kigoda.

Aliiweka washa iliyovimba kwenye meza ya spana. Beda aliichukua kwa vidole viwili, akaibonyeza, akainusa. Akaitupa mezani.

"Sina ugomvi na betri, afande," alisema. "Nilikuwa nao, umekwisha. Bomba la injini lina kilo kumi na mbili mgongoni, linapiga kelele mpaka masikio yanakufa. Eka moja inataka ndoo kumi za maji, na maji yanabebwa na wanawake. Mke wa Kulwa msimu huu hakubeba hata ndoo moja. Bomba ni zuri. Kilichomo chupani ndicho kibaya."

Domina alimuuliza anajuaje. Beda alisema washa hizi zimetengenezwa kwa dawa ya mafuta; ukiziloweka humo mwaka mzima hazibadiliki. Dawa inayokula mpira namna hii ni ile ya zamani, ya bomba la injini, ile kali inayochanganywa na maji. Kulwa alipokuja, Beda alimwambia hivyo. Kulwa akamwonyesha lebo ya chupa, imeandikwa dawa ya betri, ya mafuta, isichanganywe na maji. Beda akasema labda pua yake imezeeka. Akafunga washa mpya.

"Ningeitia kwenye maji palepale tuijue," alisema. "Sikuitia. Nilikuwa na lori linanisubiri."

Alichukua kikombe cha bati, akakijaza maji. Domina alitoa chupa ya Ulaya kwenye mkoba, akavunja lakiri aliyoiweka mwenyewe, akaandika saa. Beda alichovya kijiti, akadondosha tone moja. Tone lilipogusa maji lilichanua, na mara moja kikombe kizima kikawa cheupe kama maziwa.

Domina alimwambia asiguse kitu. Alimuuliza kama anayo dawa ya mafuta ya kweli. Beda alitafuta nyuma ya kibanda, akaja na chupa ya msimu uliopita, lebo ileile, mabaki kidogo chini. Alikuwa akipaka minyororo. Kikombe cha pili, maji mengine, tone jingine. Tone lilikaa juu ya maji, likatanda, likang'aa rangi za upinde wa mvua. Maji yalibaki maji. Domina alikikoroga kwa kijiti. Tone likagawanyika, likarudi juu.

Chupa mbili zenye lebo moja zilikuwa na dawa mbili. Ya Kulwa ilitakiwa kuingia nusu kikombe kwenye ndoo nzima ya maji. Yeye aliipiga hivyohivyo ilivyo, na bomba liliimwaga begani kwake kwa wiki tatu.

"Chupa hizi zinatoka wapi?" aliuliza, ingawa jina la ghala lilikuwa chini ya lebo.

Beda alinyoosha kidole upande wa pili wa barabara, kwenye jengo refu la bati. Lilikuwa ghala la ushirika. Kampuni ililinunua na kila kilichokuwamo.

Kwenye lango la ghala mwanamke wa makamo alikuwa akishona magunia ya pamba. Domina alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba. Aliitwa Mwanvua, kibarua wa pale tangu siku za ushirika. Domina alitazama mikono yake kabla ya kusema neno. Ngozi ya vidole ilikuwa imechunika, imeota mpya ya rangi ya waridi.

Mwanvua alidhani askari ametumwa kumfukuza. Domina alimwambia hapana, akakaa juu ya gunia, akamwomba asimulie tu kazi alizofanya mwezi wa nne. Alisimulia akiendelea kushona. Mapema Aprili bosi, yaani Bwana Vitalis, mkuu wa ghala, alimwita yeye na mwenzake wakaoshe chupa tupu za mwaka jana. Kisha akawafungulia chumba cha nyuma kilichokuwa na madebe ya dawa ya ushirika, akawapa birika la chai na kusema wajaze chupa. Walijaza siku tatu. Yeye alihesabu chupa sitini. Mwenzake alianza kutapika siku ya pili, akarudi kwao Vidunda, hakusikika tena. Yeye alipewa maziwa na sabuni.

Domina alimuuliza kama aliambiwa ni dawa ya nini.

"Niliambiwa nisimwambie mtu," Mwanvua alisema. "Kusoma sijui. Lakini kuhesabu najua."

Alimpeleka nyuma ya ghala. Madebe yalikuwa kwenye shimo la takataka, yamefunikwa na majani makavu ya migomba. Yalikuwa matatu, ya lita ishirini, na mhuri wa ushirika ulisomeka bado. Lita sitini kwa chupa sitini. Domina alichukua moja kwa mpini wa waya na kuingia nalo ofisini.

Vitalis alikuwa mtu nadhifu, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Miaka kumi na tano alikuwa mtunza ghala wa ushirika. Kampuni iliponunua jengo ilimchukua naye. Alisimama, akamkaribisha Domina kwa heshima, akaliona debe, akakaa.

Domina alimuuliza chupa za Ulaya zilikotoka. Vitalis alisema Dar es Salaam, kama kawaida, na kwamba lebo zinaeleza kila kitu. Domina aliomba maji ya kunywa. Yalipoletwa hakunywa. Alidondosha tone ndani ya glasi, akaisogeza mbele ya Vitalis, akangoja iwe nyeupe.

Vitalis aliisukuma glasi pembeni. Kisha alisema kulikuwa na upungufu, lakini wakulima walielezwa. Yeye mwenyewe aliwaagiza viongozi wa vijiji wawaambie watu waichanganye na maji.

"Wapige kwa bomba gani?" Domina aliuliza.

Vitalis alipanga upya kalamu zake mfukoni. Mlango wa ghala ulikuwa wazi nyuma yake, na mabomba ya injini yalionekana yamerundikwa mpaka darini, matangi yao ya njano yametandwa na vumbi, kila moja na jina la mkulima kwa rangi nyeupe. La Kulwa lilikuwa safu ya pili kutoka chini.

"Umewanyang'anya bomba linalotaka maji," Domina alisema, "ukawapa dawa inayotaka maji. Nakuuliza tena. Wangepiga kwa bomba gani?"

Hapo Vitalis alianza kusema, na alisema mfululizo, Domina akiandika. Dawa ya mafuta ilikwama bandarini tangu Februari. Funza walikuwa wameingia kwenye vitumba. Kila asubuhi wakulima walijaa langoni, wakisema kampuni imewachukulia injini zao na sasa inawaacha pamba inaliwa. Alipiga simu Dar. Mkubwa wake alimwambia atumie akili, msimu usipotee. Hapana, hakuna barua. Ni simu tu. Akafikiri kwamba ukungu wa betri ni mdogo sana, dawa kidogo inaenea mbali, haitadhuru.

"Dawa ni dawa, afande," alisema. "Wadudu hawasomi lebo."

"Wewe unasoma," Domina alisema.

Vitalis alishika kingo za meza. Domina alimsomea haki zake, akawaita askari wawili kutoka kituo cha Mikumi, akaweka lakiri kwenye chumba cha nyuma. Kisha akadai orodha ya waliogawiwa. Vitalis aliitoa bila kubisha. Chupa sitini zilikwenda kwa wakulima kumi na wawili, wote wa Ulaya na Zombo. Jina la Kulwa lilikuwa la tisa.

Saa nane na robo Domina alikuwa kwenye chumba cha redio cha kituo cha Mikumi, ameshika orodha. Alimwambia askari wa zamu aite Kilosa, gari litoke sasa hivi, lipite nyumba kwa nyumba, kila chupa yenye lebo ile ichukuliwe na mtu yeyote asipige dawa. Nyumba ya kwanza iwe ya marehemu Kulwa. Kuna mtu anaitwa Amos, yuko shambani.

Redio ilikoroma. Kilosa walimwambia asubiri. Kisha sauti ya mkuu wa zamu ikarudi, ikisema polepole ili iandikwe. Mtu huyo alianguka shambani saa tano asubuhi. Watoto wa marehemu ndio waliomkuta. Lori la mahindi lilimfikisha hospitali saa sita na nusu. Saa saba na dakika kumi alifariki.

Askari wa zamu alimtazama Domina, kalamu mkononi, akingoja kama kuna jibu la kutuma. Domina alimwambia atume orodha iliyobaki. Alisimama pale mpaka jina la mwisho liliposomwa na kurudiwa, kisha akatoka kuwasha pikipiki.

Alifika Kilosa saa kumi na moja na nusu, matope mpaka magotini. Gari lilikuwa limesharudi na chupa thelathini na saba. Nyingine zilikuwa zimekwisha kutumika au hazikupatikana. Wakulima watatu walikuwa wamelazwa. Mmoja hakuwa anaona vizuri. Mkuu wa kituo alimpongeza kwa kazi ya siku moja, akamwambia pia kwamba simu imepigwa kutoka Morogoro. Vitalis apewe dhamana. Kosa lake litaandikwa uzembe. Huyo mkubwa wa Dar hana karatasi hata moja yenye jina lake, kwa hiyo asitajwe.

Domina aliuliza kuhusu Limi. Mkuu wa kituo alisema aachiwe, bila shaka, sasa amepatikana mwingine.

Hakuna aliyekuwa amemwambia Limi habari yoyote. Alipofunguliwa alisimama mlangoni kwanza, akizoea mwanga. Domina alimpa pete yake ya shaba na kitambaa cha kichwa vilivyochukuliwa Jumapili, akamwonyesha mahali pa kuweka dole. Kisha akamwambia mumewe aliuawa na dawa iliyowekwa kwenye chupa isiyo yake, na kwamba yeye hana hatia. Limi aliitikia kwa kichwa. Hilo alilijua tangu mwanzo. Aliuliza kama Amos amekuja kumchukua.

Domina alimwambia.

Limi hakulia wala hakukaa. Alirudia jina la kaka yake mara moja, akasema kitu kwa Kisukuma, tena akakisema upya kwa Kiswahili ili askari aelewe.

"Lori lilitoka Ulaya saa ngapi?"

Domina alimwambia ni kama saa tano na nusu.

"Na wewe ulikuwa Ulaya leo. Nimesikia askari wakisema."

"Nilikuwako. Saa tatu."

"Ulimwona?"

"Nilimwona. Alikuwa anapiga dawa."

"Akakuuliza?"

"Aliniuliza kama dawa ina ubaya."

Limi alifunga kitambaa kichwani, akakaza fundo kwa mikono miwili. "Ukamwambia nini?"

Domina alimwambia alichomjibu, maneno mawili yaleyale. Limi aliyasikiliza kama mtu anayesikiliza bei ya kitu asichoweza kununua. Kisha akauliza njia ya kwenda chumba cha maiti, akaenda. Domina alimtuma askari wa kike amfuate, akaona Limi akimwashiria askari huyo arudi.

Alirudi mezani kwake. Taa ya kandili iliwashwa kwenye kaunta. Kwake mwanga wa dirishani ulitosha bado. Alichukua karatasi za maelezo, zile zinazotumika kwa mashahidi, akaandika jina lake mwenyewe mahali pa jina la shahidi, na cheo chake, na kituo. Aliandika kwamba Alhamisi tarehe 9 Mei, saa tatu asubuhi, akiwa tayari na taarifa ya hospitali kwamba sumu iliingia kwa ngozi, alimkuta Amos akitumia bomba na dawa ya marehemu. Aliona mkono wake umebabuka. Alisikia akilalamika kichwa na macho. Aliulizwa waziwazi. Hakumwonya. Alichukua chupa moja, akaacha tatu. Alitia sahihi kila ukurasa, akaziweka kwenye jalada baada ya maelezo ya Mwanvua, akazitia namba.

Mkuu wa kituo alipolipitia jalada kabla ya kulifunga kabatini alifika kwenye kurasa hizo akasimama. Alizisoma zote. Akafunga mlango wa ofisi.

"Domina," alisema, bila cheo, "wakili wa kampuni akiliona hili, hatamzungumzia Vitalis tena. Atakuzungumzia wewe. Litoe."

"Nimeshazitia namba, afande. Ni ukurasa wa ishirini na sita mpaka ishirini na nane. Kurasa hizo zikitoka, jalada zima lina tundu."

Mkuu wa kituo alilisogeza jalada mbele ya Domina, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kurudi nyuma. Domina alibaki amesimama wima, mikono ubavuni.

"Utaulizwa maswali hayo mahakamani," mkuu wa kituo alisema. "Mbele ya yule mwanamke."

"Ameshaniuliza, afande," Domina alisema.